Kabati la kale likileta vituko: kagua sakafu, ukuta na msimu kabla ya randa

Fundi akiitwa kwa sababu mlango wa kabati umekwama, kitu cha kwanza anachoshika ni randa. Anapunguza ukingo, mlango unafunga, analipwa, anakwenda zake. Ikifika Januari, kaskazi ikivuma na mbao zikisinyaa, mlango uleule una mwanya wa kupitisha kidole, na mbao iliyokwanguliwa hairudi tena. Kabati halikuwa na kosa. Kilichobadilika ni hewa, au sakafu, au ukuta lilikoegemezwa.

Makabati ninayoyasema ni yale yaliyo bado katika nyumba nyingi za mwambao, Lamu, Mombasa, Tanga, Unguja hadi Kilwa: kabati la nguo la milango miwili lenye kioo cha kujitazama, kabati la vyombo la vioo linalokaa sebuleni na bilauri zisizotumika, kabati la chakula la wavu, na ndugu yao sanduku la misumari ya shaba. Mengi ni ya msaji, ambao wengine huuita mtiki, au ya mvule. Mengine ya mninga. Ni mbao nzuri kupita zinazouzwa leo barabarani, na zimeshavuka masika mengi kuliko aliyelinunua. Kwa hiyo kabati kama hilo likianza kusumbua ghafla, swali la kwanza ni hili: nini kimebadilika karibu nalo? Limehamishwa? Ukuta umepigwa plasta mpya? Umefungwa kiyoyozi? Mara nyingi jibu liko hapo.

Mlango unakwama

Uliza kwanza unakwama lini. Ukikwama kuanzia Machi hadi Mei na kulegea wenyewe baadaye, hiyo ni masika. Mbao huvimba na kusinyaa kwa upana wake. Kwa urefu haibadiliki kiasi cha kuonekana. Ndiyo maana mlango hukwama pale unapokutana na mwenzake, au upande wa bawaba, na si juu na chini. Usiurande. Fungua milango saa za mchana kavu, punguza nguo zilizobanana ndani, paka ukingo nta ya mshumaa, kisha subiri. Ukiona lazima upunguzwe, fanya hivyo kiangazi, ukiwa umepima mwanya uliopo, na upunguze unene wa karatasi tu.

Ukikwama mwaka mzima, simama hatua tatu mbele ya kabati na utazame milango yote miwili ikiwa imefungwa. Je, vichwa vyake viko mstari mmoja? Ikiwa mmoja umeshuka, tatizo karibu kila mara ni sakafu. Nyumba za zamani za mawe zina sakafu za ghorofani zilizobebwa na boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa, na boriti zikichoka katikati hulegea. Kabati likikaa juu ya sakafu ya namna hiyo, mguu mmoja unabaki hewani na fremu nzima inajipinda. Dawa yake ni kabari nyembamba ya mbao ngumu chini ya mguu wa mbele upande wa mlango ulioshuka. Isukume kidogo kidogo huku mwenzako akitazama milango inavyopanda. Pimamaji inasaidia, lakini mstari wa milango ndio shahidi mkubwa zaidi. Na usifanye kazi hii kabati likiwa tupu, ukaja kulijaza baadaye. Uzito wa nguo unabadilisha kila kitu.

Sakafu ikiwa sawa na mlango bado umeshuka, shika mlango kwa chini uunyanyue taratibu. Ukicheza, skrubu za bawaba zimelegea. Tundu lililopanuka lisijazwe msumari wala skrubu nene, kwa kuwa bawaba za zamani hazizikubali. Chonga kijiti cha mbao ngumu, kitie gundi, kipigilie tunduni, kata kilichozidi, kisha toboa upya. Katika msaji na mvule tangulia kwa skrubu ya chuma ya ukubwa uleule ili ifungue njia, uitoe, halafu utie ya shaba. Ya shaba ikilazimishwa katika mbao ngumu hukatika kichwa, na hapo umejitafutia kazi ya siku nzima.

Huenda ikawa mlango wenyewe ndio uliopinda. Bao la katikati la milango ya kale halikugundishwa. Limechomekwa katika mfereji wa fremu na kuachwa lijongee kadiri msimu unavyobadilika. Kuna mafundi wanaoliona linacheza wakalitia gundi au kulipiga misumari. Baada ya hapo ama fremu inapinda ama bao linapasuka katikati. Ukikuta gundi ya aina hiyo, itoe kwa uangalifu na bao liachiwe.

Mlango unafunguka wenyewe

Kabati limeinamia mbele. Nyanyua miguu ya mbele miwili kwa kipande chembamba cha mbao mpaka liegemee nyuma kidogo sana. Watu hununua sumaku za milango kwa jambo hili, na kila sumaku ni matundu mawili mapya kwenye mbao ya kale.

Uvundo, ukungu, nguo zenye madoa ya kijivu

Hili ndilo linaloharibu mali nyingi kuliko mengine yote, na ndilo linalotibiwa vibaya zaidi. Mtu akifungua kabati na kukutana na uvundo, humwaga nafutalini, hufukiza udi, au hupulizia manukato. Baada ya wiki ananusa uvundo wenye udi ndani yake.

Tafuta maji yanatoka wapi. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na chumvi pamoja nao. Plasta ya chokaa ya wazee iliuruhusu unyevu huo utoke polepole kupitia uso wa ukuta. Ukuta ukipigwa plasta ya saruji na rangi ya mafuta, unyevu unazuiwa, unapanda juu zaidi na kutokea pale ulipo upenyo, na mara nyingi upenyo huo uko nyuma ya kabati ambako hakuna anayepatazama. Ndiyo sababu nimeuliza kuhusu plasta mpya.

Jaribio lake ni rahisi. Vuta kabati, bandika kipande cha nailoni angavu ukutani kwa utepe pande zote nne, ukiache siku mbili. Matone yakitokea upande wa ndani, unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakitokea upande wa nje, unyevu uko katika hewa ya chumba, na kinachohitajika ni madirisha na feni. Nailoni ikiwa kavu pande zote, tazama juu: paa linalovuja au bomba hulowesha kichwa cha kabati, na maji huteremka kwa ndani bila kuonekana.

Vyovyote itakavyokuwa, kabati lisigusane na ukuta. Acha nafasi ya kiganja kizima nyuma, na miguu iwe mirefu kiasi cha hewa kupita chini. Miguu iliyokatwa ili kabati lienee chumba cha dari fupi ni chanzo cha uvundo ambacho hakitajwi sana.

Kusafisha: toa kila kitu, lipeleke kabati kivulini penye upepo, si juani, kwani jua kali hupasua mbao iliyolowa. Vaa barakoa. Futa ukungu kwa brashi laini ukiwa nje, kisha sehemu za ndani zisizo na polishi zifute kwa kitambaa chenye spiriti. Usiguse uso wa nje kwa spiriti. Nitaeleza chini kwa nini. Dawa ya klorini ya kufulia nguo haifai: inaacha maji mengi ndani ya mbao na kutu kwenye vitasa. Kabati likishakauka wiki nzima au zaidi na bado linanuka, paka ndani koti moja jepesi la shelaki, polishi ya asili inayoyeyushwa kwa spiriti. Hufungia harufu ndani ya mbao. Nguo zirudi zikiwa zimekauka kabisa. Nguo iliyopigwa pasi na kukunjwa ingali na joto hubeba mvuke, na kabati lililofungwa halina pa kuupeleka.

Neno moja kuhusu nafutalini, kwa wenye watoto wachanga. Mvuke wake ukibaki katika nguo na mablanketi ya mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu yake na kumletea manjano ya hatari. Upungufu huo ni wa kurithi, na uko kwa wingi hasa katika nchi zenye malaria, mwambao wetu ukiwemo. Nguo za mtoto zisiwekwe na nafutalini kabisa. Karafuu ndani ya kifuko cha kitambaa inanukia vizuri na haimdhuru akiwa amelala, ingawa usitarajie iue nondo; nondo humalizwa kwa kutikisa nguo, kufua, na kuanika.

Unga chini ya kabati

Usikimbilie dawa kabla hujautazama unga wenyewe. Uukusanye kwenye karatasi nyeusi na uusugue kwa vidole.

Ukiwa laini mno na juu yake kuna matundu madogo ya duara, ni viwavi vya mbawakawa wanaokula sehemu nyeupe ya mti yenye wanga. Kiini cha msaji na cha mvule hawakitaki. Kwa hiyo tazama mistari meupe kandokando ya mbao, bao la mgongo, na vitako vya droo, ambako mafundi wa zamani walitumia mbao hafifu kwa kuwa hazionekani. Mara nyingi kabati zima ni salama na mgonjwa ni bao la mgongo tu. Libadilishe, basi.

Ukiwa si unga bali chembechembe ngumu zinazoteleza vidoleni kama mchanga, hao ni mchwa wa mbao kavu. Hawahitaji udongo wala maji. Kundi zima linaishi ndani ya ubao mmoja. Ukiziangalia kwa kioo cha kukuzia utaona zina pande sita. Gonga ubao kwa mpini wa bisibisi: penye uwazi hulia tofauti. Hili ni la kuita wapulizaji wenye leseni, hasa kama linagusa na milango ya nyumba.

Na ukiona vijia vya udongo vimepanda kutoka sakafuni au ukutani, huo ni mchwa wa ardhini. Kabati limefikiwa tu. Wenyeji wao wako chini ya nyumba. Kutibu kabati na kuacha nyumba ni kupoteza fedha.

Matundu peke yake hayathibitishi kitu, kwani huenda wadudu walishaondoka miaka arobaini iliyopita. Matundu mapya yana ukingo safi na rangi ya mbao mbichi ndani. Ya zamani yamejaa vumbi na nta. Futa, tandika karatasi nyeusi chini, rudi baada ya wiki kadhaa. Unga ukirudi, tibu: mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki katika maji, upakwe kwenye mbao tupu isiyo na polishi, mara mbili tatu, kwa sababu haupenyi kwenye vanishi. Oili chafu ya gari, dizeli na mafuta ya taa viachie nguzo za uzio. Ndani ya kabati vinabaki kunuka kwa miaka, vinachafua nguo, na vinashika moto.

Kabati la chakula lina ugomvi wake na sisimizi, na wazee waliutatua kwa kusimamisha miguu kwenye makopo ya maji. Inafanya kazi mpaka leo. Lakini maji yakisimama zaidi ya wiki ni kitalu cha mbu wa dengi, na Dar es Salaam ilikwishaonja ugonjwa huo mwaka 2014 na 2019. Badilisha maji kila siku chache, au tia mafuta ya kupikia juu yake.

Nyufa baada ya kuhama

Kabati lililokaa Unguja miaka sitini likapelekwa Dodoma, Nairobi, Muscat au Leicester litapasuka mahali. Hakudanganywa aliyelinunua, mbao inatafuta kulingana na hewa mpya. Kiyoyozi cha Ghuba na vipasha joto vya Ulaya wakati wa baridi vyote hukausha hewa kupita kiasi ambacho mbao za mwambao zimezoea. Usiliweke kabati mbele ya pumzi ya kiyoyozi wala karibu na kipasha joto. Kipimaunyevu kidogo cha ukutani si ghali. Kikisoma kati ya asilimia 45 na 60, kabati litatulia. Likifika, liache chumba kisicho na kiyoyozi kwanza, au kiwashwe kwa kiasi, wiki nyingi kadiri uwezavyo.

Ufa ukitokea, usiujaze mara moja. Ujazo mgumu ukitiwa kiangazi, mbao ikivimba msimu wa mvua haina pa kwenda na inapasua pengine. Subiri mwaka mzima uone ufa unavyofungua na kufunga. Wenye kubaki ujaze kwa kijiti chembamba cha mbao ya aina ileile, kigundishwe upande mmoja tu.

Makabati ya katikati ya karne ya 20, yale yenye kona za mviringo na michirizi ya mbao iliyopangwa kulia na kushoto ifanane kama sura na kivuli chake kiooni, mara nyingi ni vinia, yaani ganda jembamba la mbao nzuri, lililogundishwa juu ya mbao ya kawaida. Vinia ikivimba mapovu, gundi ya wanyama iliyotumika imeachia. Weka kitambaa chenye unyevu kidogo, pitisha pasi ya moto wa kadiri sekunde chache, kisha bana kwa ubao na uzito usiku kucha. Mara nyingi gundi ileile hushika tena. Ikigoma, pasua kwa wembe kufuata nyuzi za mbao, ingiza gundi, bana. Ukigundisha msaji wowote, futa kwanza sehemu ya kugundishwa kwa spiriti au asetoni, kwani mafuta yake ya asili huikataa gundi.

Madoa juu ya uso

Dondosha tone la spiriti mahali pasipoonekana. Uso ukinata, ni polishi ya shelaki, ile iliyopakwa kwa kitambaa mara kwa mara mpaka ikang'aa. Usiponata, ni vanishi au rangi ya kiwandani. Jaribio hili ndilo linaloamua mengine yote, na ndiyo maana nilikataza spiriti upande wa nje: kitambaa kimoja chenye spiriti nyingi hufuta kazi ya siku kumi.

Doa jeupe la duara, la kikombe cha chai, ni unyevu ulionaswa ndani ya polishi yenyewe. Liache siku chache likauke. Likibaki, chukua majivu laini yaliyochekechwa, changanya na mafuta kidogo, sugua taratibu kwa kidole kufuata nyuzi, futa, paka nta ya nyuki. Doa jeusi ni jambo jingine: maji yameingia hadi kwenye mbao na kukutana na chuma, pengine kopo la bati au msumari. Polishi haiwezi kulifikia. Asidi ya oksaliki hulitoa, lakini ni sumu, inahitaji glavu, na inahitaji uso uvuliwe kwanza. Binafsi ningeliacha na kuweka kitambaa cha kufuma juu yake.

Kupiga msasa kabati zima ili liwe jipya silipendi, na si kwa ajili ya uzuri tu. Vinia nyingi hazifiki milimita 1. Ukipitisha mashine umeshatoboa. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua. Mvule pia huwa na vijiwe vya chokaa ndani ya mbao vinavyovunja makali ya randa. Na rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi. Kuisugua kavu ndani ya nyumba yenye watoto ni hatari kweli.

Shaba za sanduku na vishikio husafishwa kwa ukwaju au ndimu na chumvi, hilo kila nyumba inajua. Ila fungua kishikio kwanza. Asidi ikiteremka kwenye mbao inaacha alama kuzunguka kila msumari, na ndivyo masanduku mengi ya madukani yalivyo.

Droo ngumu

Itoe, igeuze. Reli za chini zikiwa zimelika kwa mtelezo wa miaka, gundisha ukanda mwembamba wa mbao ngumu. Zikiwa nzima, nta ya mshumaa inatosha. Sabuni hapana, inavuta unyevu. Na kabla hujaivuta kwa nguvu, hakikisha hakuna kitu kilichoangukia nyuma. Hati za nyumba zimepotea hivyo.

Kioo chenye madoa meusi

Unyevu umekula fedha ya nyuma. Hakitengenezeki nyumbani, na kioo kipya kinalifanya kabati lionekane limevaa miwani ya kuazima. Kiache. Kisafishe kwa kitambaa kikavu, na usipulizie dawa moja kwa moja, kwani huteremka ukingoni na kuongeza madoa.

Ufunguo umepotea

Jaribu funguo za makabati mengine ya nyumba na ya jirani. Vitasa vya kiwandani vya zamani vilikuwa na aina chache na mara nyingi hufunguana. Bao la mgongo nalo hufunguka kwa skrubu chache, bila kuvunja mlango. Likishafunguka, kagua kitasa chenyewe. Vile vinavyojifunga vikisukumwa, visivyofunguka kwa ndani, viondolewe ulimi au vizibwe kama kuna watoto nyumbani, kwa sababu watoto hujificha humo na hewa ni chache. Papo hapo funga kabati ukutani kwa mkanda imara juu, kila upande, lisije likawaangukia. Plasta ya chokaa haishiki skrubu fupi. Toboa mpaka kwenye jiwe, tia plagi ndefu, kisha vuta kwa mikono miwili kuhakikisha kabla hujarudisha vyombo.